Rudisheni Ubavu wa Kompyuta

Ingia stesheneri yoyote ya mtaani, ile ya kutoa kopi na kuchapa barua za maombi ya kazi, kisha inama uangalie chini ya meza. Utaikuta kompyuta ya mezani, ile tuliyozoea kuiita sipiyu, imekaa sakafuni ubavu wazi, waya zimening'inia kama utumbo wa mbuzi aliyekwisha chunwa. Pembeni yake, mara nyingi, kuna feni ya mezani iliyoelekezwa mle ndani, inavuma kwa nguvu zote. Muulize mwenye duka sababu. Atakujibu kwa yakini ya mtu anayekwambia maji hulowesha: "Inapata moto sana. Fundi kasema iachwe wazi ipate hewa."

Fundi kasema. Mimi nami ni fundi, na nasema fundi huyo kakosea. Simtaji kwa sababu si mmoja, ni sisi karibu wote. Aliyenifundisha kazi alinifundisha hivyo, na miaka yangu ya mwanzo nimewaambia watu wengi waache ubavu wazi. Baadhi yao bado wanaufuata ushauri ule hadi leo, na sijapata njia ya kuwafikia wote niwaambie nimeukana. Makala hii basi ni ya kuwapinga mafundi wenzangu na pia ya kulipa deni.

Hoja yao ni nyepesi, ndiyo maana inauzika. Mtu akitoka jasho huvua koti. Kompyuta ikichemka, nayo ivuliwe. Kosa limejificha kwenye hilo koti. Koti kazi yake ni kuzuia joto la mwili lisitoke. Kasha la kompyuta liliundwa kwa kazi nyingine kabisa: kuipa hewa njia. Hewa iingie mbele, ipite juu ya diski, ipite juu ya RAM na prosesa, itoke nyuma ikiwa imebeba joto. Ukiondoa ubavu, njia imekufa. Feni ya mbele inavuta hewa ya baridi ambayo, kabla haijafika popote, inamwagikia pembeni. Feni ya nyuma nayo inavuta hewa kutoka ilipo karibu, yaani pale pale ubavuni, na kuirudisha nje bila kuipitisha kwenye chochote cha maana. Feni zote zinazunguka, kelele ipo, na kazi haifanyiki.

Waliosomea mtihani wa darasa la saba kwa taa ya chemni wananielewa bila mchoro. Toa chemni: mwali unayumba, utambi unafuka, ukuta unapata masizi. Irudishe: mwali unasimama wima, mwanga unaongezeka. Kioo kimeuzunguka moto pande zote, na bado moto unapata hewa nzuri zaidi kuliko ulipokuwa wazi, maana sasa hewa ina mlango mmoja wa kuingilia chini na mmoja wa kutokea juu. Au chukua jiko la mkaa. Anayepika anapepea kwenye kimlango cha chini. Sijapata kumwona anayekata ubavu wa jiko kwa msumeno ili mkaa upumue. Kwenye taa na jiko hewa inapandishwa na joto lenyewe, kwenye kompyuta inasukumwa na feni, hiyo tofauti naikubali. Ila kanuni ya njia ni ile ile, na bibi zetu waliijua kabla hatujasikia neno prosesa.

Tufanye hesabu kidogo, maana mabishano ya hewa yasiyo na hesabu nayo ni hewa. Kompyuta ya ofisi inayochapa barua na kufungua lahajedwali hula wati 80 hivi, na karibu zote huishia kuwa joto. Ili hewa ibebe joto hilo na yenyewe ipande digrii 10 tu, zinatakiwa lita 7 za hewa kwa sekunde. Feni moja ya milimita 120 isiyo na kizuizi husukuma lita 20 na zaidi. Punguza nusu kwa sababu ya chujio, waya na vikwazo vya ndani. Bado unabaki na akiba. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, basi ongeza moja ya tano. Lakini Nairobi wana ubaridi wao wa kufidia. Mashine ya gemu au ya kuhariri video, yenye kadi kubwa ya grafiki na inayokula wati 400, inataka lita 35 hivi. Hizo ni feni tatu au nne zilizokaa mahali pake. Hakuna katika hesabu hii mahali ambapo kuondoa ubavu kunahitajika.

Na ile feni ya mezani? Inakula wati 45 hivi. Feni ndogo ya ndani ya kasha inakula wati 2. Ukiiwasha ya mezani saa kumi kwa siku, siku 26 za kazi, unalipia kwenye LUKU uniti 11 na ushee kila mwezi; ile ndogo ingekula nusu uniti. Mteja anadhani amepata tiba ya bure.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu kwa sababu ya aina ya mashine tulizonazo. Kompyuta nyingi za mezani zinazofanya kazi Kariakoo, Mwanza au Mombasa ni zile zilizokwisha tumika ofisi za Ulaya na Marekani: Dell OptiPlex, HP Compaq na ndugu zao. Wahandisi wa mashine hizi walikuwa wabahili kwa makusudi. Kwenye matoleo mengi waliweka feni chache, pengine moja tu kando ya ile ya pawa saplai, kisha wakaifunika hitisinki, kile chuma chenye mapezi kinachobeba joto la prosesa, kwa kofia ya plastiki inayoelekeza hewa kutoka kwenye feni moja kwa moja hadi kwenye mapezi. Kofia ile ndiyo siri ya mashine nzima. Mafundi wetu wakifungua, kitu cha kwanza kutupa ni ile kofia, "inazuia hewa". Cha pili ni ubavu. Baada ya hapo wanashangaa kwa nini feni inalia kama pikipiki, wanahitimisha kwamba mashine za mtumba zinachemka.

Sasa nifike kwenye hoja yao iliyo na nguvu kweli, maana sipendi kupigana na kivuli. Kuna mafundi vijana ambao hawaongei kwa mazoea, wanapima. Wanaweka programu ya kusoma joto, wanaona digrii 78 kasha likiwa limefungwa, wanaondoa ubavu, namba inashuka hadi 72. Wananigeukia: "Haya mzee, chemni yako iko wapi?"

Kipimo chao ni cha kweli. Nimekiona kwa macho yangu, hasa kwenye yale makasha ya kisasa yaliyozibwa kwa kioo mbele ili taa za rangi zionekane. Kasha lile halina pua. Ukiliziba na ubavu, hewa haina pa kuingilia, na bila shaka kulifungua kunasaidia, kama ambavyo kumtoa mtu mto usoni kunamsaidia kupumua. Kilichopimwa hapo ni ubovu wa kasha. Tiba yake ni kulipa pua: kutoa kile kioo cha mbele na kuweka wavu, au kukitenga kidogo kwa vipande vya mpira ili hewa ipite, au kutonunua kasha la aina hiyo tangu mwanzo. Kinachouzwa pale ni urembo, na anayelipia urembo ni kadi ya grafiki.

Lakini nina maswali mawili kwa kijana mwenye kipimo. La kwanza: umepima nini? Umepima prosesa, kwa sababu ndiyo inayojitangaza kwenye skrini. Mazabodi ina vidude vya kurekebisha umeme pembeni ya prosesa, ina RAM, kuna diski mbele, na vingi kati ya hivyo havina feni yake. Vinategemea upepo unaopita. Ubavu ukiondoka, upepo wa kupita unakwisha, na visivyotangaza joto lake vinaumia kimya. La pili ndilo zito: umepima lini? Umepima siku ya kwanza, mashine ikiwa imetoka kupulizwa blowa. Njoo upime siku ya tisini.

Siku ya tisini ndiyo kesi yangu yote.

Fungua kompyuta iliyokaa wazi miezi mitatu katika duka la pembezoni mwa barabara ya vumbi. Vua feni ya prosesa uangalie chini yake, pale inapokutana na mapezi ya hitisinki. Utakuta zulia. Nyuzi za nguo, nywele, magamba ya ngozi zetu wenyewe na udongo laini vimeshikana hadi kuwa kitambaa kamili ambacho unaweza kukibandua kwa kucha kikatoka kipande kizima. Feni inapuliza juu ya zulia lile na hewa inarudi usoni pake. Zile digrii sita alizookoa kijana zimekwisha rudi, na zimekuja na wenzao. Mwenye mashine anaongeza feni ya mezani. Feni ya mezani inaleta vumbi zaidi. Mzunguko huu nimeuona ukiendelea hadi mashine inajizima kila baada ya dakika kumi, na mteja anauziwa mazabodi.

Tuliogopa joto, tukalikaribisha vumbi. Na hofu hii ya joto ina historia. Mwaka 2001 mtandao wa Tom's Hardware, ulioanzishwa na Thomas Pabst, ulionyesha video ambayo kila mpenzi wa kompyuta wa wakati ule anaikumbuka: hitisinki inang'olewa huku mashine ikiendelea na gemu. Pentium 4 ya Intel ilipunguza kasi ikaendelea kujikongoja. Athlon ya AMD iliungua, moshi ukatoka. Picha ile iliingia vichwani mwetu na haijatoka. Tangu hapo kila fundi anaamini prosesa ni mshumaa uliowekwa juani.

Prosesa zimebadilika, vichwa vyetu havijabadilika. Prosesa ya leo ina vipimajoto ndani yake na inajilinda: ikikaribia kikomo inapunguza kasi, ikizidi inazima mashine. Nyingi za Intel za mezani zina kikomo cha karibu digrii 100. AMD walipotoa Ryzen za mfululizo wa 7000 mwaka 2022 walisema waziwazi kwamba zimeundwa kufanya kazi hata kwenye digrii 95. Mteja wa Dar es Salaam akiona 75 mwezi wa Februari, wakati chumba chenyewe kina 32, anapiga simu kana kwamba nyumba inawaka. Mashine ile ile ikipelekwa Njombe ingesoma 60 na asingepiga. Joto la prosesa ni joto la chumba pamoja na nyongeza yake. Mlaumu kwanza chumba.

Hata diski, ambazo tulizilinda dhidi ya joto kama mayai, hazikuwa dhaifu kiasi hicho. Mwaka 2007 wahandisi watatu wa Google, Pinheiro, Weber na Barroso, walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya laki moja zilizokuwa zikifanya kazi katika mashine za kampuni hiyo. Hawakuona kwamba diski zenye joto zaidi hufa zaidi. Zile zilizokaa kwenye ubaridi ndizo zilizoonekana kuharibika kwa wingi. Madhara ya joto yalijitokeza kwenye nyuzi za juu kabisa na kwa diski zilizokwisha zeeka. Simaanishi tuzipike. Namaanisha kwamba digrii sita za kijana wetu hazistahili bei tunayoilipa.

Vumbi halina kipimajoto. Halipunguzi kasi likizidi. Na vumbi si moja. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, kompyuta nyingi zilipanda malori kutoka pwani kwenda nchi kavu, na waliozitunza walilazimika kujifunza upya. Kule kiangazi kinakata miezi mingi bila tone la mvua, na udongo mwepesi unapita hata dirisha lililofungwa. Vumbi lile ni kavu. Linajaza mapezi, linakausha mafuta kwenye ekseli ya feni hadi ianze kusaga, lakini ukilipuliza linaondoka. La pwani ni jingine. Mombasa, Tanga, Unguja, hewa ina chumvi, na chumvi ya kawaida ikikutana na unyevu wa asilimia 75 inayeyuka yenyewe na kuwa maji ya chumvi. Unyevu huo pwani ni jambo la kila asubuhi. Vumbi lenye chumvi likitua kwenye mazabodi linageuka utandu unaopitisha umeme kidogo na kula shaba polepole. Ndiyo ile kutu ya kijani tunayoiona kwenye miguu ya soketi za RAM, ambayo wateja wanaambiwa ni "umeme mdogo".

Halafu kuna mjusi. Waandishi wa vitabu vya kompyuta hawamtaji kwa sababu hawaishi naye. Kasha lililo wazi, lenye uvuguvugu usiku, ni hoteli kwa mjusi kafiri na mende. Nimekwisha kumtoa mjusi mkavu kama dagaa kwenye migongo ya soketi za umeme, amekufa akiwa ameunganisha alichokuwa hana ruhusa ya kuunganisha. Mwenye mashine aliniuliza kama dhamana inahusika.

Kuna kundi la pili la wenzangu ambao wanakubali kasha lifungwe, kisha wanaharibu kwa njia nyingine. Hawa dini yao ni kutoa. Kila feni wanaigeuza ipulize nje: ya nyuma nje, ya juu nje, nimeona hata ya mbele ikipuliza nje. Hoja yao ni kwamba joto ni kitu kibaya, basi kitolewe. Hawajiulizi hewa itakayochukua nafasi yake inaingilia wapi. Inaingilia popote. Kwenye mwanya wa sidii, kwenye matundu ya yuesibii, kwenye nafasi za kadi ambazo vibati vyake vilipotea zamani, kwenye kila ufa usio na chujio. Umewahi kujiuliza kwa nini kwenye kompyuta za zamani sehemu ya sidii ndiyo iliyokuwa ya kwanza kufa? Ilikuwa pua ya mashine. Hewa yote ilivutwa kupitia kwenye lenzi yake.

Mjadala huu si mpya. Intel walipotoa kanuni ya ATX mwaka 1995, ile ambayo mpaka leo ndiyo inayoamua skrubu za mazabodi yako zikae wapi, pendekezo la mwanzo lilikuwa feni ya pawa saplai ipulize hewa kuelekea ndani. Walitaka kasha lijae hewa kidogo kuzidi nje, ili kwenye kila ufa hewa iwe inatoka badala ya kuingia, na vumbi likose mlango. Walishindwa kwa jambo moja: hewa iliyokuwa inaingia ilikuwa imepashwa moto kwanza na pawa saplai yenyewe, na prosesa zilipozidi kula umeme haikufaa tena. Feni ikageuzwa. Wazo la kulijaza kasha, hata hivyo, halikuwa na kosa. Lilikosa feni ya mbele ya kulitimiza, na feni hiyo leo inauzwa bei ya sahani chache za chipsi.

Kwa hiyo ninachokidai ni hiki. Ubavu urudi. Feni zinazoingiza, mbele au chini, zizidi kidogo zinazotoa, na zivae chujio. Moja itoke nyuma, inatosha. Ukitaka kujua kama umefanikiwa huhitaji kifaa: washa kijiti cha udi, kipitishe taratibu kwenye nyufa za kasha mashine ikiwa imewashwa. Moshi ukivutwa ndani kwenye mwanya wa sidii, bado unanyonya vumbi. Ukisukumwa nje, umeshinda. Ofisi pia itanukia.

Chujio lenyewe lina imani zake potofu. Wapo wanaokata chandarua na kukibandika mbele, wakaona wamefanya ufundi. Chandarua cha kawaida kina matundu 156 kwa inchi ya mraba, yaani tundu moja kila milimita 2 hivi. Kinamzuia mbu kwa sababu mbu ana mabawa. Punje ya vumbi inapita pale kama mtoto anavyopita kwenye lango la uwanja wa mpira. Wengine wanaweka sponji nene la godoro. Hilo linazuia vumbi kweli, na hewa pia. Kilichonifaa mimi ni soksi ndefu za kike, zile nyembamba za kuvaa na sketi ya ofisini, zikivutwa zikakaza juu ya fremu ya feni. Zinanasa nyuzi na nywele na sehemu kubwa ya udongo, na hewa inapita. Nilipoanza kuzinunua dazeni dazeni mama watoto alitaka maelezo, na maelezo niliyompa hayakumridhisha hadi alipoziona zimebadilika rangi.

Ila chujio linataka adabu. Lisiposafishwa linaziba, hewa inayoingia inapungua, na lile kasha lililokuwa linasukuma linaanza kunyonya kupitia nyufa. Hapo umerudi ulikotoka huku ukiamini umejilinda. Dodoma wakati wa kiangazi, wiki mbili. Pwani kwenye ghorofa ya tatu, mwezi na zaidi. Kung'uta, osha, anika, rudisha. Kazi ya dakika tano, wala haimhitaji fundi, na labda ndiyo maana mafundi hatuipendi kuitaja.

Blowa nayo naiona ikiheshimiwa kupita kiasi. Mteja anapuliziwa mashine kila mwezi dukani pale pale, wingu linapanda, linatua tena kwenye mashine ya jirani. Feni inaachwa izunguke kwa upepo wa blowa hadi ipige mbinja. Feni ikisukumwa hivyo inageuka jenereta ndogo na ekseli yake inakwenda kasi ambayo haikuundiwa. Ishikeni kwa kidole. Na mnaopeleka mashine kwa mtu wa pancha, kompresa ile inatema maji na mafuta pamoja na upepo, na mafuta yakigusa vumbi yanafanya ugali. Kupuliza ni kwa mashine iliyokwisha chafuka. Mashine iliyofungwa vizuri na yenye chujio naifungua mara moja kwa mwaka, mara nyingi nakuta cha kufuta kwa brashi tu.

Iwekwe wapi pia ni sehemu ya ugomvi. Sakafuni ndipo ufagio unapopita, na ufagio mkavu unainua vumbi hadi usawa wa goti, pale pale pua ya kompyuta ilipo. Mama zetu hawakufagia uwanja bila kunyunyiza maji kwanza. Ofisini tunafagia kavu saa mbili asubuhi, kompyuta zikiwa zimewashwa, kisha tunadeki vumbi likiwa tayari limehamia ndani ya mashine. Ipandishwe hata kwenye stuli. Na kile kitambaa cha kufuma kilichopambwa maua tunachoifunikia, kiondolewe kabla ya kuwasha, maana kwenye hilo walio wazi na waliofunga tunaungana.

Watanijibu kwamba nawaza mambo ya mjini, kwamba mteja wa kawaida hana hela ya feni ya pili wala muda wa kuosha soksi. Huyo mteja ndiye aliyenifanya niandike. Mama mmoja mwenye stesheneri pembeni ya barabara ambayo lami yake ilikuwa bado ahadi, hapa Dodoma, alikuwa akiniita kila baada ya miezi miwili kwa zaidi ya mwaka. Kupuliza, kubadili pesti, kubadili feni, safari moja pawa saplai. Ubavu wazi muda wote, feni ya mezani pembeni, kwa ushauri wa fundi, na fundi huyo nilikuwa mimi. Siku moja nilipiga hesabu ya risiti alizozihifadhi kwenye kopo la maziwa. Zilikaribia bei ya mashine nyingine ya mtumba.

"Mama," nikamwambia, "ubavu wa hii mashine uko wapi?"

Alifikiri kidogo. Akatoka nyuma ya duka, nikasikia kuku wanakimbia. Alirudi na bati la Dell lenye nembo yake bado inang'aa upande mmoja. Upande wa pili lilikuwa limeziba tundu la banda kwa miezi isiyopungua kumi na minne. Tukaliosha kwa sabuni ya unga, tukalianika juani nikiwa navalisha soksi feni ya mbele. Klipu moja ilikuwa imevunjika, kwa hiyo tulilishika kwa skrubu mbili na kipande cha waya. Niliondoka bila kumtoza, naye hakuuliza kwa nini. Alichouliza ni kuku wake watazibiwa na nini usiku ule, na nilimwachia ile feni ya mezani, ambayo ilikuwa na wavu mzuri tu.